Mtambo Niliouacha Peke Yake

Makorora, Alhamisi, baada ya alasiri

Salma mwanangu,

Umetoka na shangazi yako kuwaaga watu wa mtaa, na kwa jinsi anavyopenda kukaa kwenye majamvi ya wenziwe, najua hamrudi kabla ya magharibi. Mama yako yuko uani anakukaangia visheti vya safari. Maagizo ya nguo, ya kutokula ovyo njiani na ya kupiga simu kila Jumapili amekwisha kukupa yeye, tena mara tatu, na mimi sina la kuongeza humo. Nimejifungia chumba cha mbele na karatasi hizi kwa sababu kuna jambo sijawahi kukwambia, na ukiondoka kesho bila barua hii nitakuwa nimekudanganya kwa mara ya mwisho, na mbaya kuliko zote.

Nalisema hapa juu kabisa, usije ukadhani nakuzungusha. Bi Rukia tuliyemzika miezi mitatu iliyopita, yule ambaye mtaa mzima ulimwita Idi Mbili, hakumwacha mtu afe. Kosa lile lilikuwa langu. Nilimwachia alibebe miaka saba, na amekwenda nalo kaburini. Kesho nakusudia kulitoa mbele za watu, lakini nataka ulisikie kwangu kwanza, halafu uamue mwenyewe kama bado mimi ni baba wa kutajwa.

Sikuwa na nia ya kukwambia, nisijifanye mwema. Lakini siku ile ulipopata barua ya kazi ulitueleza tukiwa tunakula. Ukasema utakaa ofisini Dar es Salaam, na kompyuta unazozitunza ziko Mwanza, Mbeya na Mtwara, na kwamba programu mpya zinajiweka zenyewe saa ambazo watu hawako kazini, wala hahitajiki mtu kuwapo. Mama yako akasema mashallah, dunia imekwenda. Mimi niliinuka kwenda kunawa na wali wangu haujafika nusu. Ukaniuliza kama naumwa, nikasema kiungulia. Hakikuwa kiungulia, mama. Nilikuwa nimesikia maneno yangu mwenyewe yakitoka kinywani mwako.

Nianzie nyuma kidogo. Ufundi niliupata kwa Mzee Kassamali, Mhindi wa Barabara ya Saba pale Ngamiani. Alikuwa muuza vitambaa mpaka vitambaa vikatoweka nchini, akabaki na rafu tupu na mikono inayojua redio, basi duka la vitambaa likawa duka la redio. Ilikuwa miaka ya dhiki. Sukari foleni, sabuni foleni, hata sanda ilikuwa ya kutafutwa kwa kujuana. Wewe ulizaliwa ukafungwa nepi za kanga kuukuu ya bibi yako. Spea hazikuwapo, kwa hiyo tuliiua redio moja kuiponya nyingine, na betri zilizokufa tulizianika juani tukazipata siku mbili zaidi.

Mzee Kassamali alikuwa mkali, mtu wa kufoka tangu anafungua mlango mpaka anaufunga. Mchoyo wa kila kitu, isipokuwa muda. Desturi yake ilikuwa moja: redio ikishatengenezwa, mwenyewe haondoki nayo. Atakaa kwenye benchi, redio itawashwa, na itasikilizwa taarifa ya habari tangu mwanzo mpaka hali ya hewa, na fundi naye akae pale pale. Wateja walinung'unika, na mimi nilinung'unika kuliko wao. Siku moja nikamruhusu bwana mmoja wa Pongwe aende na redio yake kabla taarifa haijaisha, kwa kuwa njaa ilikuwa inaniuma. Mzee alipojua, hakufoka. Alinituma niifuate Pongwe kwa miguu. Nikaikuta imekufa, na mwenyewe ananitukana mbele ya wakwe zake. Niliporudi, Mzee Kassamali akaniambia neno moja tu.

"Wewe ulisikia inaanza. Hukusikia inaendelea."

Nilimcheka moyoni. Nikamwona mzee wa kale aliyeogopa vitu vyake mwenyewe.

Halafu mambo yakafunguliwa, ikawa ruksa kila kitu. Madukani kukajaa redio mpya, watu wakaacha kutengeneza za zamani, na huku viwanda vya Tanga vikifungwa kimoja kimoja na wanaume wazima wakirudi nyumbani saa tatu asubuhi na barua ya kupunguzwa kazi mkononi. Mimi nilibahatika. Ukaja mradi wa wafadhili wa kuziunganisha zahanati za pwani na hospitali ya mjini, wakataka fundi wa redio anayeweza kujifunza kompyuta. Nilijifunza. Unakumbuka nilivyokuwa nikija na vile vitabu vinene, nawe ukinishikia taa umeme ukikatika? Sina ubishi kwamba nilikuwa hodari, na huo uhodari ndio ulionipotosha.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Redio za zahanati zilikuwa ndogo, sauti yake haifiki mbali. Basi sauti ilipanda kwanza mlimani, Amani, ambako tulikuwa na mtambo, yaani redio kubwa pamoja na kompyuta ya kuiongoza. Mtambo ulipokea mwito wa nesi wa kijijini, ukaupeleka hospitali, na gari la wagonjwa likatoka. Mtambo ukizima, nesi anaongea na ukuta. Kule juu alikaa msimamizi mmoja, Msambaa mpole, kazi yake kuutazama na kuuwasha ukizimika. Baada ya mwaka nikagundua kwamba kwa waya wa simu ninaweza kuingia katika ile kompyuta nikiwa Tanga, nimekaa kwenye kiti changu, bila kupanda mlima. Ningeweza kuipelekea programu mpya kipande kwa kipande, nikaiambia siku na saa ya kuiweka, ikajizima yenyewe na kujiwasha yenyewe. Niliandika ripoti. Nikasema msimamizi wa kule juu hahitajiki tena. Wakubwa wakafurahi mno, na yule bwana akapewa barua kama wenziwe wa viwandani. Alikuja hapa nyumbani kuniaga, na mama yako akampa chai. Nilimwambia ndiyo maendeleo.

Mwaka ule ikaja programu mpya ya kuuongoza mtambo. Kuiweka kungeuzima kwa saa moja. Nikatafuta siku ambayo saa moja haitamdhuru mtu, nikaipata: Idi. Sikukuu zahanati zilifungwa na redio zikazimwa, na kwa sababu hiyo gari la wagonjwa halikukaa mjini siku hizo. Lilikwenda kushinda pwani ya kusini, pale Tongoni, tangu alfajiri, liwe karibu na watu. Siku ya Idi mtambo ulikuwa hauna kazi. Ila nami nilikuwa nasafiri kwenda Pemba kwa bibi yako, na kule hakuna namna ya kuifikia ile kompyuta. Kwa hiyo nikaipa tarehe kabla sijaondoka, saa nne asubuhi, mwezi wa Ramadhani ukiwa bado una siku tatu.

Umeshaona? Nimeipa tarehe Idi. Mimi, niliyelelewa Pemba, niliyekuwa nikipandishwa juu ya ukuta na marehemu babu yako kila mwaka kuutafuta mwezi, nikaiambia kompyuta kwamba Idi ni siku fulani, kana kwamba mwezi ungesoma kalenda yangu. Nilihesabu ishirini na tisa nikaona inatosha. Yule msimamizi angekuwapo, angesikia watu wa chini bado wamefunga, angeacha kuzima. Kompyuta haifungi wala haifuturu.

Jioni ya mwezi ishirini na tisa nilikuwa barazani kwa bibi yako. Kukaja habari kwamba mwezi umeonekana, masheikh wa kule wakaupokea, wanawake wakaanza kuchambua mchele wa pilau. Baadaye kidogo redio ikatangaza kwamba bara haukuonekana, na kesho wanafunga. Wazee wakaanza mabishano yao ya kila mwaka, mwezi wa nani na mwezi wa nani. Mimi nilikwisha kujua maana yake. Kesho Tanga ni siku ya kazi. Zahanati zitafunguliwa, gari litakaa mjini, na saa nne mtambo utajizima.

Kulikuwa na simu katika duka la mfanyabiashara wa karafuu, mwendo wa saa nzima kwa baiskeli. Na baiskeli ilikuwapo, ya mjomba wako, imeegemea ukuta ninaoutazama. Kuuzuia mtambo nisingeweza, lakini mwito mmoja ungetosha: hospitali, kesho lipelekeni gari Tongoni kama siku ya Idi. Bibi yako akaniuliza, "We una nini, mbona umesimama mlangoni?" Nikasema sina kitu. Nikajipigia hesabu: ni saa moja tu, nani ataumwa katika saa moja? Nikavua viatu nikaketi. Nakuapia, Salma, nimeyarudia mambo mengi ya maisha yangu kichwani, lakini lile la kuvua viatu nimelirudia kuliko yote. Mdharau mwiba mguu huota tende. Ila mguu uliooza haukuwa wangu.

Saa nne asubuhi nilikuwa nimevaa kanzu mpya, nakula. Kule mlimani kompyuta ilifanya kila nililoiagiza. Iliweka programu, ikajizima, ikajiwasha. Halafu ile programu mpya ikauliza swali ambalo ile ya zamani haikuwa ikiuliza. Iliandika kwenye kioo: bonyeza kitufe chochote ili kuendelea. Ikasubiri. Chumba kilikuwa kimefungwa na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, Pemba. Ilisubiri siku ile nzima, na siku ya Idi ya Tanga, na usiku wake. Hospitalini hawakushtuka. Redio ikiwa kimya, wao hufikiri hakuna mgonjwa.

Siku ile Tongoni, mke wa Bwana Athumani, yule wa mashamba ya chumvi, alifikishwa zahanati na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Bi Rukia ndiye aliyekuwa nesi pale, na ndiye mwenye redio. Damu ilipoanza kutoka isivyo kawaida, aliita. Akaita tena. Aliita, akamhudumia mgonjwa, akarudi akaita, mpaka akaona huku ni kupoteza roho ya mtu, akamtuma kijana kwa baiskeli mjini, na yeye akamtafutia mgonjwa lori la chumvi. Lori na gari la wagonjwa vilikutana njiani. Mama alikuwa amekwisha kata roho, na mtoto hakuwahi kulia. Haya nimeyajua kidogo kidogo kwa miaka mingi, kwa kusikiliza watu wakimsema.

Nilirudi siku ya tatu. Pale bandarini nilisikia watu wakizungumza habari ya mwanamke wa Tongoni, na sikwenda nyumbani. Nilipanda moja kwa moja Amani. Nikafungua mlango, nikayaona yale maandishi. Nikabonyeza kitufe kimoja, kile kirefu cha chini, na mtambo ukaamka, ukaanza kupokea sauti vizuri kabisa. Pembeni palikuwa na mashine ya kuchapa orodha ya miito yote, na katika orodha ile palikuwa na pengo la siku mbili. Nikaichana karatasi. Pale chini barabarani kuna mama aliyekuwa akiuza chai kwa jiko la kuni, nikaomba kuwashia sigara, nikaitia ile karatasi motoni. Na mimi sivuti sigara.

Wiki iliyofuata wakatuita hospitalini. Walikuwa watu watatu wa mradi, na Bi Rukia amekaa upande wa pili wa meza na baibui lake, mikono mapajani. Wakaniuliza kama mtambo ulikuwa unafanya kazi. Nikajibu kwamba nilipoufikia niliukuta mzima. Sikiliza jinsi nilivyolipanga hilo neno, ndivyo mwongo hodari anavyosema. Bi Rukia akanigeukia. Hakukasirika, alikuwa na tumaini, kwa sababu alijua mimi ndiye ninayeujua ukweli.

"Fundi, niliita hata koo likanikauka. Hebu waambie."

Nikatazama meza.

Nilizoea kujiambia kwamba nilinyamaza kwa ajili yako. Ulikuwa darasa la sita, mama yako alikuwa ametoka kupunguzwa kazi, na mimi nikifukuzwa tungekula nini? Ni uongo huo pia. Nilinyamaza kwa sababu ile ripoti ya kumwondoa msimamizi ilikuwa na jina langu, na kwa sababu nilipenda kuitwa fundi wa kompyuta. Wewe nilikufanya pazia tu.

Sasa ule mwezi ukamrudia maskini yule. Tongoni walikuwapo watu walioufuata mwezi wa Pemba, wakala Idi siku ile ile. Wale wa mradi wakasikia hivyo, wakaona wamepata jibu: nesi naye alikula Idi na hao, akaiacha redio, na alipokurupuka ilikuwa jioni. Kwamba alikuwa amefunga, hakuna aliyetaka kuthibitisha. Akafukuzwa kazi. Akarudi hapa Makorora kwa kaka yake, akaanza kukaanga bagia pale kwenye kona, na watu wa mji huu, unawajua, jina hawakuchelewa kumpa. Idi Mbili. Bagia za Idi Mbili. Nenda kwa Idi Mbili.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili uliporudi na bagia ndani ya gazeti, unacheka, ukasema Idi Mbili amekuzidishia moja. Nilikupiga kofi mpaka gazeti likaanguka. Mama yako alinijia juu, nawe ulilala na shavu limevimba. Asubuhi uliniuliza umekosa nini, nikakwambia hufai kuwaita wakubwa majina. Hiyo ndiyo mara pekee niliyowahi kukupiga, na hukuwa na kosa lolote. Nilikuwa nimesikia jina langu likitajwa, basi. Nimetaka kukuomba msamaha kwa kofi lile kila mwaka, na nisingeweza kufanya hivyo bila kukueleza sababu.

Miaka saba nilinunua bagia kwake. Kila siku ya Mungu, hata siku ambazo sikuwa na hamu, na nyingine nilizimwaga njiani. Nilidhani nafanya kitu. Alikuwa akinifungia, ananipa, halafu ananiuliza: "Fundi, mtambo wako mzima?" Kila siku swali ni hilo hilo, kwa sauti ile ile, wala hatabasamu wala hakunji uso. Hata baada ya mradi kufungwa na mtambo kuteremshwa, bado aliuliza. Sijui mpaka leo kama alikuwa ananiamkia tu au ananichoma. Nami nilijibu, "Mzima, alhamdulillahi," nikaondoka.

Nitakwambia kitu kimoja kuhusu kunyamaza, kwa kuwa nakijua kuliko ufundi wowote. Ningesema siku ya kwanza, lingekuwa kosa la kazi. Kosa baya, mtu amekufa na kichanga, pengine ningefungwa. Lakini lingekuwa kosa la kusahau na kudharau, ambalo kila binadamu analo. Siku ya pili tayari lilikuwa limegeuka jingine, na baada ya mwaka sikuwa tena mtu aliyekosea, nilikuwa mtu anayekosa kila asubuhi akiamka. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kilichoniumbua ni kifo cha mtu mwingine.

Na ndiyo maana nimekuandikia wewe uliyepata kazi ile. Sikukatazi kuziacha kompyuta zijifanyie zenyewe. Kompyuta arobaini hazikaliwi kitako moja moja, na mimi si Mzee Kassamali wa kukutuma Pongwe. Utaziacha, na mara tisini na tisa zitafanya vizuri, na hapo ndipo utakapoanza kuvua viatu. Kompyuta itakwambia kazi imekwisha, nayo haitakuwa inasema uongo. Lakini kule iliko yupo mtu anayeingoja, na wewe humwoni. Mtafute. Jua jina lake, jua siku yake ya kazi ni ipi na sikukuu yake huijuaje, na ikishamaliza mpigie simu, umuulize yeye, usiiulize mashine. Na siku utakapokosea, maana utakosea, sema kabla ya jua kuchwa. Sina la zaidi katika hilo.

Bado sijakwambia la mazishi, na ndilo gumu.

Wewe na mama yako mlikuwa ndani na wanawake. Sisi tulikuwa nje, jeneza liko mbele yetu, kabla ya kumsalia. Kaka yake Bi Rukia akasimama kama desturi, akasema kama yuko mtu ambaye marehemu alimkosea, wanaomba amsamehe hapa, asiende na haki ya mtu. Kwa kawaida watu huitikia tu pamoja yakaisha. Lakini nyuma akasimama mtu mwenye kofia ya zamani, suruali amekunja, vumbi mpaka magotini. Bwana Athumani. Alikuwa amekuja kwa baiskeli kutoka Tongoni. Miaka yote ile sikuwahi kumwona uso kwa uso.

"Mwenye haki ni mimi," akasema. "Mke wangu na mwanangu walifia mikononi mwake. Nimemsamehe, duniani na akhera."

Watu wengine walilia. Kaka yake Bi Rukia aliinamisha kichwa kama mtu aliyetuliwa mzigo, akashukuru, kwa sababu na yeye aliamini. Kaka yake wa tumbo moja aliamini, Salma. Wote wakaitikia, tumemsamehe. Na mimi nilikuwa safu ya pili, jeneza ningeweza kuligusa, ukweli ninao mimi peke yangu katika ule umati, na palikuwa na nafasi ya kutosha kabisa ya mtu kusema. Nikafungua kinywa. Nikasema, tumemsamehe. Nilimsamehe Bi Rukia kosa langu mimi, kisha nikashika jeneza nikamsaidia kwenda kaburini.

Tangu siku ile silali, na mama yako anadhani ni sukari. Nitamwambia leo wewe ukishalala, au kesho, sijui. Nilijaribu kwenda Tongoni mara mbili. Mara ya kwanza nilifika njia panda nikarudi. Mara ya pili nilifika mpaka kwenye mashamba ya chumvi nikamwona amesimama na jembe, akaniamkia vizuri kama anavyomwamkia mgeni yeyote, akaniuliza kama nimepotea njia. Nikasema ndiyo.

Kesho basi lako linaondoka saa mbili. Nikitoka stendi sirudi nyumbani, nakwenda Tongoni. Nitamwambia Bwana Athumani kwanza, peke yake, na akitaka kunipiga anipige. Kisha nitasali Ijumaa msikitini kwao, na imamu akishatoa salamu nitasimama niseme. Alasiri nitakuwa hapa kwa kaka yake Bi Rukia, niseme tena. Ushahidi sina, niliuchoma, kwa hiyo nitakuwa na mdomo tu, ule ule uliosema mzima. Inawezekana wasiniamini. Inawezekana polisi waje. Na watu wa hapa watanipa jina, na jina hilo utalivaa na wewe, utasikia habari huko huko Dar es Salaam kabla hata hujazoea kazi. Hilo linaniuma, lakini halinizuii tena.

Kesho asubuhi, kabla hujapanda basi, utanishika mkono na kuniomba radhi, kama mtoto yeyote anayesafiri. Barua hii utakuwa hujaifungua, maana nitaitia chini kabisa ya sanduku, chini ya visheti vya mama yako. Radhi zangu nitakupa zote, mwanangu, hujawahi kunikosea hata siku moja. Na mimi ilinipasa nikuombe zako hapo hapo, maana tuaganapo huombana wote wawili. Utaniona nimenyamaza. Usidhani nimesahau. Nimekwisha kusamehewa mara moja na watu wasiojua wanachosamehe, na sitaki kwako iwe hivyo hivyo.

Baba yako